Imla ya mbio, diktoglosi, kadi au orodha? Kuchagua shughuli za kipindi cha Kiingereza

Nianze na jibu. Mwalimu wa Kiingereza hapa Malindi mwenye wanafunzi 50, ubao mmoja na setibuku (kitabu cha fasihi cha kutahiniwa) moja kwa kila watoto watatu akiniuliza aanzie wapi, nitamwambia: imla ya mbio kwa kusikiliza, kadi kwa msamiati, kiti cha mhusika kwa fasihi. Hata hivyo kila moja ina siku yake ya kuwekwa kando, na zipo siku ambapo ile imla ya kizamani, mwalimu anasoma na watoto wanaandika, huzipiku zote.

Kipimo changu ni kimoja: mwanafunzi asiposikia, kazi inakwama au inaendelea? Kama anaweza kuchungulia daftari la jirani, au kungoja jibu liandikwe ubaoni, basi hakusikiliza, alikaa tu. Wasikilize vijana wa ufuoni wanaouza safari za mashua za kwenda hifadhi ya bahari. Wengi Kiitaliano wanakitiririsha, na darasa la Kiitaliano hawakulikalia. Mgeni akitaja bei au saa ya kuondoka, kijana akasikia vingine, mteja amekwenda kwa mwenzake. Darasani hakuna mteja wa kupotea, kwa hiyo haja ya kusikia lazima itoke ndani ya shughuli yenyewe. Hapo ndipo shughuli zinapoachana.

Kusikiliza

Kwanza tujue mtoto wetu anakwama wapi. Kiswahili kina irabu tano, na mkazo wake karibu kila mara hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Irabu za Kiingereza ni zaidi ya maradufu ya hizo, mkazo unahamahama, na silabi isiyo na mkazo humezwa. Ndiyo maana mwanafunzi anayelisoma "comfortable" kitabuni bila shida halitambui likisemwa na mtu mwenye haraka. Ile "th" ya "think" na ya "this" haina haja ya kutuchosha, maana zote mbili tunazo kwenye thamani na dhahabu. Kazi iko kwenye irabu na kwenye silabi zilizomezwa.

Imla ya kawaida haina gharama. Haihitaji maandalizi ya maana, darasa linatulia, na kusahihisha ni rahisi hata kwa kubadilishana madaftari. Ubaya wake ni kwamba walimu wengi tunaisoma neno kwa neno, polepole, kila silabi imenyooshwa kama nguo iliyopigwa pasi. Kiingereza cha namna hiyo hakizungumzwi popote. Mtoto anafaulu imla, halafu anashindwa kumwelewa mtu halisi. Ukiitumia, soma kwa vifungu, maneno matano sita kwa pumzi moja, kwa kasi ya mazungumzo, kisha nyamaza waandike. Ukifanya hivyo tu, umeipandisha daraja.

Imla ya mbio inataka mambo zaidi. Bandika kifungu cha sentensi tano au sita ukutani, barazani nje ya darasa. Wanafunzi wako wawili wawili, mmoja mkimbiaji, mwingine mwandishi. Mkimbiaji anatoka, anasoma, anabeba kichwani kiasi anachoweza, anarudi kumwambia mwenzake. Kalamu hashiki, na herufi moja moja hatamki. Katikati ya kazi unapiga makofi, wanabadilishana.

Tazama kinachotokea. Kifungu kina sentensi hii: "The fishermen leave the island at four." Mkimbiaji anarudi akihema, anaitamka irabu ile fupi kama alivyozoea. Mwandishi anaandika "live", kisha anasita.

"Wavuvi wanaishi kisiwani saa kumi? Hebu rudi ukaangalie."

"Nimekwambia leave!"

"Hukusema hivyo. Umesema live."

Mkimbiaji anarudi ukutani, anatazama herufi, anarudi na irabu ndefu, safari hii akiivuta kwa makusudi mpaka dawati la nyuma wanacheka. Mwalimu angechora jedwali la irabu ndefu na fupi ubaoni muhula mzima asipate ubishi wa namna hiyo. Kosa la matamshi limekwamisha kazi, na aliyelikamata ni mwanafunzi mwenzake.

Haina raha tupu, lakini. Watoto 25 wakikimbilia karatasi moja, huo ni msongamano wa stendi. Bandika nakala tano sehemu tofauti. Neno "mbio" nalo lisikutishe. Kutembea haraka kunatosha, na mwanafunzi ambaye mwili haumruhusu abaki mwandishi mwanzo hadi mwisho. Mwezi wa Ramadhani usiifanye baada ya adhuhuri, wala usiifanye kipindi cha mwisho wakati wa kaskazi, jua la Februari likiwa limewaka juu ya mabati. Tena kuna wale waliopita chuoni, yaani madrasa, waliozoea kuhifadhi. Hao huenda ukutani mara moja wakarudi na mistari miwili mizima, sauti imekaa sawa na maana hawajaigusa. Dawa ni kuchanganya mpangilio wa sentensi ukutani, ili wakimaliza kuandika wazipange hadithi ieleweke. Hapo kuhifadhi peke yake hakutoshi.

Diktoglosi ni ndugu wa hizo mbili, na mwalimu Ruth Wajnryb wa Australia ndiye aliyeieleza kwa kina mwaka 1990. Unasoma kifungu kifupi, tuseme maneno 80, kwa kasi ya kawaida. Mara ya kwanza kalamu ziko chini. Mara ya pili wanadonoa maneno muhimu tu. Kisha wanakaa wanne wanne na kukijenga upya kile kifungu, kisarufi na kimaana, bila kulazimika kurudisha maneno yale yale. Mwishoni wanalinganisha walichoandika na kifungu cha asili.

Tofauti yake na imla ya mbio ni hii. Mbio zinanoa sauti: umesikia "leave" au "live"? Diktoglosi inanoa ujumbe, na bila huruma inaanika sarufi. Kikundi kinaandika "Yesterday they walk to the market" kwa sababu ile "-ed" ilimezwa na "to" iliyofuata. Sikio halikuisikia, na sarufi ya kichwani haikuwakumbusha kwamba kuna "yesterday". Ukiona kosa hilo kwenye vikundi vitano kati ya kumi, kipindi cha kesho umeshajua utafundisha nini. Mbio haziwezi kukuonyesha hilo, kwa kuwa karatasi ipo ukutani na "-ed" yake inaonekana.

Diktoglosi inawaacha nyuma walio dhaifu. Wanaoanza sekondari kutoka shule zenye walimu wachache wataandika "fisherman, boat, rain" kisha wakae kimya, na mmoja anayejua atafanya kazi ya wanne. Mimi naingoja mpaka mwaka wao wa pili, muhula wa pili, au naianza na hadithi wanayoifahamu tayari. Ikiwa darasa la jirani lina mtihani, au watoto wamefunga na wamechoka, diktoglosi inaitangulia imla ya mbio bila mjadala.

Spika na rekodi nitazipitia upesi. Uzuri wake ni sauti ngeni. Watoto wamemzoea mwalimu wao hata wanabashiri atakachosema. Ubaya ni mvua juu ya mabati, tuktuk barabarani, na stima. Taarifa ya habari ya Kiingereza husomwa kwa takriban maneno 150 kwa dakika, kasi ambayo wanafunzi wa nyuma hawataiambulia kwa spika ndogo ya simu. Ukiwa na mwalimu mwenzako aliyekulia Kisumu au Meru, mrekodi kwa simu dakika moja akieleza chakula cha kwao, kisha wape wanafunzi maswali mawili kabla hawajasikiliza. Inafaa kuliko habari za kimataifa.

Halafu kuna mtihani, ambao huwezi kujifanya haupo. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za mazungumzo. Nusu nzima, na yote inajibiwa kwa kalamu: maneno ya sauti moja, mahali pa mkazo, kiimbo, adabu za mazungumzo. Mtahiniwa anaweza kuzipata bila sikio lake kufanya kazi yoyote siku hiyo. Naona ni jambo la ajabu, lakini ndivyo lilivyo, na kundi la mwisho la 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondolewa, linatarajiwa kufanya mtihani huo mwaka 2027. Kwa hiyo ukiwa na Kidato cha Nne na mock, ule mtihani wa majaribio, iko mlangoni, rudi kwenye imla ya kawaida, uijaze jozi za sauti moja na maneno ya mkazo unaohama kama "record" ya nomino na "record" ya kitenzi. Si wakati wa mbio. Mwalimu wa Gredi ya 7 hadi ya 9 yuko huru zaidi, maana katika mtaala wake mpya kusikiliza na kuzungumza ni mada kuu inayojitegemea. Huyo asiogope kelele.

Msamiati

Njia tatu ninazozikuta madarasani ni orodha yenye tafsiri, kubahatisha maana kutokana na muktadha, na kadi.

Kubahatisha ndiko kunakosifiwa sana vyuoni, na ndiko kunakokosewa sana. Watafiti Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba ili msomaji aelewe hadithi vizuri bila msaada, anahitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno yaliyomo, yaani mageni yasizidi mawili kwa kila mia. Sasa chukua ukurasa wa setibuku, waambie wanafunzi wapige mstari chini ya kila neno wasilolijua. Ukikuta karibu kila mstari una neno moja lililopigwa mstari, basi mageni ni kama kumi kwa mia. Hapo kumwambia mtoto "bahatisha kwa muktadha" ni kumwambia apime kina cha maji yenye matope kwa macho. Muktadha wenyewe hauelewi. Ukikuta maneno mawili matatu tu kwenye ukurasa, bahatisheni kwa raha zenu.

Orodha yenye tafsiri imedharauliwa kupita kiasi. Wapo wanaoona Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza ni haramu, na wengi wetu tunaikumbuka ile diski, alama ya aibu iliyozungushwa shuleni kwa aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani. Kwa mtoto wa mvuvi wa Shela au Ngomeni, "anchor" inamalizwa kwa neno moja, nanga, na "oar" kwa kasia. Kueleza kwa Kiingereza kirefu kitu ambacho baba yake anacho chomboni ni kupoteza dakika. Neno kama "integrity" ndilo linalohitaji mifano na mjadala. Tafsiri moja itampa mtoto matumaini ya uongo.

Tatizo la orodha liko kwenye namna inavyosomwa. Mwanafunzi anaipitisha macho mara nne, kila neno linaonekana kama rafiki, anafunga daftari akiamini amejua. Watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani walilipima jambo hili mwaka 2006, kwa vifungu vya habari badala ya msamiati. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojaribu kukumbuka bila kutazama walibaki na asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Mtihani wa shule hauji baada ya dakika 5.

Kadi zinalazimisha kule kukumbuka. Kata karatasi ngumu ya manila vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande wa mbele usiandike neno peke yake. Andika sentensi yenye pengo: "He was ______ to sell his father's boat." Nyuma: "reluctant", na chini yake, kwa herufi ndogo, kusitasita, kutokuwa radhi. Mtoto akijifunza neno tupu atakuandikia "He reluctant to go", kwa kuwa hakuna kilichomwonyesha kwamba neno hilo linataka "was" mbele na "to" nyuma.

Kisha boksi la viatu lenye vyumba vitatu, kwa mpango ambao mwandishi wa Kijerumani Sebastian Leitner aliueneza miaka ya 1970. Kadi zote huanza chumba cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Ukipata, kadi inasogea chumba cha pili, kinachopitiwa mara mbili kwa wiki, kisha cha tatu, mara moja kwa wiki. Ukikosa, hata kama ilikuwa chumba cha tatu, inarudi mwanzo. Boksi moja kwa wanafunzi watano linatosha, na dakika 7 za mwanzo wa kipindi zinatosha pia. Ukitaka sikio nalo lifanye kazi, mmoja asome sentensi kwa sauti akisema "mm" penye pengo, wenzake wasione kadi.

Lawama ya kadi ni kwamba zinakufa. Wiki ya tatu nusu zimepotea, boksi limekaliwa, na mwalimu ana maazimio ya kazi ya kukimbizana nayo. Mkabidhi mwanafunzi mmoja katika kila kikundi, tena asiwe kiranja, kiranja ana mambo mengi. Ukijua huwezi kulifuatilia boksi, baki na orodha, ila waambie waikunje karatasi katikati, tafsiri zifichike, na wajiulize wenyewe.

Fasihi

Kusoma kwa zamu, aya moja moja, ndiyo desturi ya shule nyingi, na kwa kipimo changu ndiyo shughuli dhaifu kuliko zote. Mwangalie yule wa safu ya tatu: anahesabu vichwa vilivyo mbele yake, ameshaijua aya yake, anaifanyia mazoezi kimyakimya. Zikisomwa aya nyingine yeye hayupo. Akishamaliza yake ndiyo kabisa. Faida yake ni kwamba mwalimu anasikia matamshi ya kila mtu, basi.

Upungufu wa vitabu unaweza kuiokoa. Katika kila kikundi cha watatu wenye kitabu kimoja, mmoja anasoma, wawili hawaoni ukurasa. Wa kwanza anasikilizia kitu kimoja, kwa mfano nani anasema uongo katika tukio hili. Wa pili anasikilizia kingine, nini kimebadilika tangu mwanzo wa ukurasa. Kwa tamthilia ni rahisi zaidi, kila mmoja mhusika wake, kitabu kikipita mkono kwa mkono.

Kiti cha mhusika ndicho ninachokipenda. Mwanafunzi anakaa mbele akiwa mhusika, darasa linamhoji kwa Kiingereza, naye anajibu kama mhusika huyo. Masharti ni mawili. Akitoa jibu, yeyote anaweza kumwuliza amelitoa ukurasa gani. Na swali lililokwisha kuulizwa likirudiwa, kikundi kilichorudia kinapoteza alama. Sharti hili la pili ndilo linalofungua masikio: huwezi kuuliza lako kabla hujasikia la mwenzako.

Usianze na setibuku. Anza na Abunuwasi na sufuria, ile aliyoiazima kwa jirani akairudisha na kisufuria akisema imezaa, na alipoiazima tena akaja na tanzia kwamba imekufa. Kila mtoto wa Pwani anaijua, kwa hiyo mzigo unabaki Kiingereza peke yake. Mkalishe jirani kitini. "Why did you accept the small pot?" Atajikuna kichwa, atasema kilikuwa kizuri. "So you believed a pot can give birth?" Hapo darasa zima linaamka, na bila kutaja neno tamaa umeshafika kwenye maudhui. Kikao cha pili mpeleke mhusika wa setibuku pale pale kitini.

Udhaifu wake ni kwamba wenye ulimi mwepesi wanatawala. Wasichana wa nyuma wanaweza kumaliza muhula bila kuuliza. Waandike maswali kwa vikundi kwanza, dakika 5, na muulizaji ateuliwe na mwalimu.

Ya tatu ni kazi ya vipande, iliyobuniwa na Elliot Aronson na wenzake huko Austin, Texas, mwaka 1971, wakati shule za mji huo zilikuwa zimetoka tu kuchanganywa rangi. Kila mwanafunzi katika kikundi anapewa sehemu yake ya maandishi, anaketi kwanza na wenzake wa vikundi vingine wenye sehemu hiyo hiyo, kisha anarudi kuwafundisha wa kikundi chake. Kwa kipimo cha kusikiliza inapata alama za juu, kwa sababu usiponisikiliza mimi, sura ya tatu huna.

Lakini kwa setibuku itumie kurudia tu, kamwe isiwe usomaji wa kwanza. Karatasi ya pili ya KCSE huweka dondoo la setibuku lenye alama 25, na swali linalopendwa pale ni kilichotokea kabla ya dondoo na kilichofuata. Aliyesoma sura yake tu, nyingine akazipokea kwa mdomo wa mwenzake, hataweza kuliweka dondoo mahali pake. Insha ya karatasi ya tatu nayo inataka matukio mahususi, na hayo hayapatikani kwa kusimuliwa.

Hesabu pia watakaokosekana. Siku ya soko au ya mvua kubwa, mwenye sura ya pili asipokuja, kikundi kizima kina shimo. Gawa kila kipande kwa wanafunzi wawili. Na usiipange Ijumaa kipindi cha kabla ya saa saba. Wavulana wataondoka kwenda msikitini wakati wenye vipande ndiyo kwanza wanarudi vikundini, na huwezi kuimalizia Jumatatu, kwa kuwa waliyoyafundishana yatakuwa yamepoa. Siku hiyo weka boksi la kadi.